Kwa Nini Wananiita Mzee Hasi

Mwanangu Mhando,

Mimi baba yako nina miaka sabini na tatu, kwa hesabu ya marehemu bibi yako ambaye hakusoma lakini hakukosea hesabu. Nimewazika ndugu zangu wote wa tumbo moja. Nimeishi kuliko wanyapara wangu wote wa pale Ngombezi, kuliko nyoka aliyenigonga kisigino katikati ya mkonge (yeye alikufa palepale, mimi kesho yake nikarudi kazini), na nimeishi kuliko korona zote mbili: ile mashine ya kiwandani tuliyokuwa tunailisha majani ya mkonge itoe singa, na ile ya ugonjwa iliyokuja juzijuzi ikatufunga midomo kwa barakoa. Kwa hiyo ukisoma hapa kwamba baba yako anaogopa, usidhani unasoma maneno ya mtu mwoga.

Naogopa. Nimeshaliandika, sasa tuendelee.

Naandika mchana huu, wewe umekwenda kumuaga dada yako. Mama yako kaniona nimeshika kalamu akauliza, "Unauza shamba?" Nikamwambia naandika wosia. Akasema, "Wosia wa mbuzi gani?" Anajua niliishia darasa la tatu, mengine nikayamalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Lakini anajua pia kwamba katika kisomo kile hakuna aliyenizidi mwandiko. Mwalimu mwenyewe alikuwa akiliinua daftari langu akilisogeza kwenye mwanga.

Sitakuandikia habari za kuamka mapema wala kumheshimu mjomba wako huko Babati unakokwenda kesho. Hayo mama yako atakuimbia mpaka kwenye mlango wa basi. Mimi nataka kukuandikia habari ya kioo cha pikipiki.

Nimekuona. Kila asubuhi ukiiosha pikipiki ya shemeji yako, unainama kwenye kioo cha upande unatoa ulimi. Unaugeuza huku, unaugeuza kule. Halafu unajishika chini ya taya, kulia, kushoto, kulia tena, kama mtu aliyepoteza kifungo ndani ya nguo. Halafu kwapani. Mara ya kwanza nilidhani jino linakusumbua. Mara ya pili nikajua.

Tangu ile homa ya mwezi uliopita, zahanati wakakupima malaria wakasema huna, vipele vikakutoka kifuani na vikapotea vyenyewe, wewe si Mhando yule. Kikombe chako umekifunga uzi mwekundu kwenye mkono wake ili kisichanganywe na vingine. Juzi mtoto wa dada yako alinywea kikombe hicho ukamnyang'anya mpaka akalia, kisha ukaenda kusimama nyuma ya banda la mbuzi. Nilikuona mgongo wako. Mama yako akasema, "Safari imemchanganya huyu." Lakini mimi najua hiyo si safari.

Nimejuaje? Na mimi nilikuwa na kioo changu. Kilikuwa cha baiskeli.

Unamsikia tu baba yako mdogo Athumani, hukumkuta. Yeye na mimi tulikuwa tukikata mkonge pamoja Ngombezi, tunaishi kambini, mwisho wa mwezi tunarudi huku Kwaluguru kwa wake zetu. Sijisifu, lakini mimi ngwe yangu nilikuwa naimaliza jua halijawa kali, halafu namsaidia yeye. Akaanza kuumwa. Akapona, akaumwa, akapona kidogo, akaumwa. Siku zile ugonjwa huu haukutajwa jina lake. Kambini walisema kakanyaga miwaya, ndiyo ukimwi huo. Uji walimletea, lakini waliuacha mlangoni wakaondoka haraka kama watu walioacha kitu jikoni.

Nilimuuguza mimi. Nilimwogesha, nikamsafisha vidonda, nikamfulia. Na mkata mkonge, mwanangu, hana siku ambayo mikono yake haina tundu. Ile miiba ya kwenye ncha inaingia mpaka kwenye nyama. Nilimshika ndugu yangu kwa mikono hiyohiyo yenye matundu, na sikuwa na mipira ya kuvaa. Sijutii hilo. Angekuwa hai leo ningemshika tena, ila ningevaa mipira.

Tulipomaliza kumzika, nikaanza kujikagua.

Utomvu wa mkonge ulikuwa unaniwasha tangu ujana wangu, nilikuwa najikuna huku naimba. Sasa nikawa najikuna bila kuimba. Mkanda wa suruali nikautoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Mtu asiyekula atanenepaje? Mimi nilikuwa siwezi kumeza tonge kwa hofu, halafu nikikonda hofu inazidi. Kambini kila mtu alikuwa na dalili yake ya kukueleza. Mmoja aliniambia nywele zinalainika, nikashika nywele zangu nikaziona laini. Mwingine akasema nyayo zinawaka moto, na jioni ileile nyayo zangu zikawaka. Hakuna dalili niliyosimuliwa nikaikosa. Asubuhi nikawa nainama kwenye kioo cha baiskeli natoa ulimi. Ulimi wa mtu anayeuangalia kila siku hauwi sawa kamwe. Leo mweupe, kesho mwekundu sana, keshokutwa una nukta.

Ndiyo maana nilipokuona kwenye pikipiki nikajifanya natafuta jembe.

Basi nikasikia Korogwe wanapima kwa hiari, hawaulizi sana. Nikaenda. Sikumuaga mtu. Aliyenipokea alikuwa nesi mmoja Mshambaa, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili, anaitwa Eliwaza. Akanitoboa kidole. Nilimwambia sindano yake si kitu mbele ya mkonge. Akacheka. Nikakaa kwenye benchi. Akaniita ndani, akafunga mlango, akaniambia taratibu, "Baba, majibu yako ni hasi. Lakini..."

Sikusikia iliyofuata.

Sasa unajua kazi yangu nyingine ni ipi. Kuanzia hapa mpaka vijiji vya jirani, mwenye beberu msumbufu ananiita mimi nikamhasi. Kisu changu, majivu yangu, na hakuna beberu aliyefia mkononi mwangu hata mmoja. Mimi neno hasi nililijua tangu utoto na nililijua lina maana moja. Mnyama aliyehasiwa amekwisha. Anakula, anatembea, lakini ukoo wake umeishia hapo. Na kwenye redio pia nilikuwa nasikia athari hasi, mambo hasi, yote mabaya. Nesi ananitazama usoni ananiambia mimi ni hasi! Nikasimama. Nikatoka na pamba kidoleni. Nikamsikia ananiita, "Baba! Baba, rudi, sijamaliza!" Nikadhani anataka kunipa pole. Mimi si mtu wa kupewa pole na Mshambaa, mtani wetu. Nikapanda baiskeli.

Kama ningegeuka tu, Mhando. Ile "lakini" yake ilikuwa na habari yote.

Kazi ya mkonge nikaiacha, nikarudi huku moja kwa moja. Mama yako sikumwambia kitu. Nikamwambia nguruwe pori wanamaliza mahindi, nakwenda kulinda shamba. Nikahamia kwenye kibanda cha shambani. Mahindi yakakomaa mimi niko kibandani, yakavunwa mimi niko kibandani. Mahindi yameisha shambani, na mimi bado nalinda! Nilikuwa na sahani yangu, kikombe changu, ndoo yangu. Dada yako alikuwa binti mdogo, akinikimbilia nami namsukuma kwa kiwiko. Niliyaona macho yake. Mpaka leo akinipa chai huwa nakumbuka.

Mama yako alivumilia kadiri alivyoweza, na unajua kadiri yake si ndefu. Siku moja akaja shambani, kanga kiunoni, mkononi ana mchi.

"Huyo mwanamke wako wa Ngombezi anaitwa nani?"

"Sina mwanamke."

"Usinifanye mtoto. Mwanamume halindi mabua. Anaitwa nani?"

Nikaona heri niseme yaishe. Nikamwambia, "Nilipima Korogwe. Nesi kasema mimi ni hasi."

Akaushusha ule mchi. Akaniangalia uso, akaniangalia chini, akarudi usoni. Akasema, "Kakuhasi nani?"

Nikamwambia ndivyo alivyosema, hasi, basi nimekwisha, nisimguse mtu. Mama yako akasema hivi, na haya ndiyo maneno ya mwanamke ambaye hakwenda hata hilo darasa la tatu: "Hilo neno silijui. Na wewe hulijui. Twende kwa mwenye neno lake."

Nikamwambia siendi. Akasema, "Basi nakwenda mimi nipimwe, nikuletee neno lao hapa." Nilikaidi mpaka jioni, siwezi kudanganya. Asubuhi nikambeba kwenye baiskeli. Njia nzima hadi Korogwe, kila mlima alikuwa anashuka bila kuombwa, kwa sababu nilikuwa sina nguvu tena ya kumpandisha, na yeye aliona.

Eliwaza alipotuona tu akapiga kelele, "Ndiye huyu! Ndiye aliyenikimbia na pamba yangu!" Mama yako akamuuliza bila salamu, "Wewe binti, hasi ni nini?"

"Hasi ni hakuna, mama."

"Hakuna nini?"

"Hakuna virusi. Virusi havijaonekana."

Mwanangu, nilikaa chini. Si kwenye benchi, sakafuni. Eliwaza alicheka mpaka akashika meza, halafu akanyamaza ghafla, maana alimwona mama yako analia. Ndipo akatueleza ile "lakini" niliyoikimbia. Alitaka kuniambia kwamba nilikwenda mapema mno, siku za kumuuguza Athumani zilikuwa bado mbichi. Mtu akiambukizwa leo, kipimo hakioni kesho. Kuna muda hapo katikati wanauita kipindi cha dirisha, damu bado haijaonyesha kitu. Kwa hiyo ukipima mapema ukaambiwa hakuna, unarudi ikitimia miezi mitatu ndipo uamini. Mimi nilikuwa nimepitisha miezi hiyo yote kibandani, nikiwalinda nguruwe.

Akatupima wote wawili. Nikangoja tena kwenye benchi lilelile, na nitakwambia ukweli, mara hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na kitu cha kupoteza. Mama yako alinishika mkono mbele za watu. Hajawahi tena.

Hakuna. Yeye hakuna, mimi hakuna.

Mahindi yaliyofuata yalipokomaa, wewe ulikuwa tumboni. Ndiyo sababu wewe na dada yako mmepishana miaka mingi vile, na ndiyo sababu tukipita sokoni Korogwe yule mama anayepiga kelele "Mzee Hasi! Hujambo Mzee Hasi!", ambaye ndiye huyo Eliwaza, mimi naongeza mwendo. Ulikuwa ukiniuliza utotoni nikakujibu ni kwa sababu ya kazi ya mabeberu. Ulikubali. Kila mtu huku alikubali.

Sasa turudi kwako. Kwetu mambo haya kijana huambiwa na mjomba wake au babu yake. Baba na mwana hawayatazami usoni. Lakini babu yako kafa na mjomba wako yuko Babati, na mimi siwezi kukuacha ukae na hilo jambo safari nzima. Sikuulizi ni nani wala ilikuwa lini. Usiniambie. Nina umri wa kutosha kukisia.

Juma lililopita nilisema nakwenda Korogwe kununua dawa ya kupe. Nilikwenda Kilole, palepale Korogwe, kwa Eliwaza. Kastaafu, anafuga kuku, sauti ni ileile. Nikamwambia kuna kijana wa jirani yangu ana wasiwasi.

"Jirani gani, Mzee Hasi?"

"Wa mbali kidogo."

"Jirani wa mbali. Haya. Ana nini huyo kijana wa jirani wa mbali?"

Nikamwambia homa, vipele, kujishika taya, ulimi, kikombe. Akaacha kucheka. Akasema homa na vipele huweza kuja wiki chache baada ya mtu kuambukizwa, na huweza kuja kwa magonjwa mengine mengi, na macho yake yeye aliyefanya kazi hiyo mpaka kustaafu hayawezi kutofautisha. "Kioo hakipimi," alisema. Akaniuliza, jambo lenyewe lilitokea ndani ya siku tatu hizi? Kwa sababu ndani ya siku hizo kuna dawa za kuzuia, mtu anakimbilia hospitali. Nikamwambia nadhani zimepita kitambo. Akasema basi asingoje kitu. Apime sasa. Wakimkuta navyo, anaanza dawa mapema. Wakisema hakuna, arudie miezi mitatu ikitimia tangu siku ile, na hapo katikati ajizuie au atumie kondomu, asiweke mtu mwingine kwenye mashaka. Na kikombe, alisema, "Mwambie kijana wa jirani afungue huo uzi. Kikombe hakina kosa." Alijua. Bila shaka alijua.

Nikamuuliza nililokuwa naogopa kuliko yote. Je, akikutwa navyo? Akaniangalia hivi, akasema, "Mzee Hasi, huyu si Athumani. Zamani hatukuwa na kitu cha kuwapa. Siku hizi anapewa dawa bure, anakunywa kidonge kila siku, anafanya kazi, anaoa, anazeeka akiwa mbishi kama wewe. Akizinywa vizuri virusi vinafifia mpaka hamwambukizi hata mkewe." Nilimwomba ayarudie mara mbili, nikijifanya sisikii vizuri.

Nikakaa na hayo tangu siku ile, Mhando, na nimeshindwa kuyatamka. Mezani nafungua mdomo inatoka habari ya mbolea. Juzi nilikufuata mpaka kisimani kukwambia, nikaishia kukukosoa namna unavyofunga ndoo. Naona unaniangalia ukidhani nimekasirika unaondoka. Sijakasirika. Ninachoogopa si hicho unachokiogopa wewe, ninaogopa kibanda. Ninaogopa utafika Babati, mahali usipojulikana, utajitafutia kibanda chako, utakaa humo na kikombe chako chenye uzi, unahesabu nukta za ulimi, na huko hakuna mama yako wa kukufuata na mchi.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako, usome kabla hujavivaa. Basi la kwenda huko linapita Korogwe mchana, na gari la huku linawahi kufika asubuhi. Una nafasi ya kutosha. Shuka, nenda Kilole, Eliwaza atakupeleka kwa vijana waliobaki kazini, atakaa nawe kwenye benchi. Ningekuja mwenyewe. Nilitaka. Mama yako angeuliza kwa nini, na uso wangu haujui kumdanganya, alinifundisha siku ile ya mchi. Lakini ukitaka nije, kesho nikikusindikiza barabarani nishike mkono tu, usiseme kitu, nami nitapanda gari na hizi ndala zangu nilivyo.

Na ukipewa majibu, USITOKE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo baba yako alipoharibu. Kaa mpaka amalize. Kukiwa na "lakini", isikilize mpaka mwisho wake, uliza tena, wakuone mjinga, haidhuru. Halafu nipigie. Simu nitakuwa nayo mkononi, nimeshamwambia mama yako nangoja mteja wa mbuzi. Usiniambie hasi wala chanya, hayo maneno sina hamu nayo tena. Sema kwa lugha ya nyumbani: "Baba, ninavyo," au "Baba, sina." Kwa lolote kati ya hayo mawili nitakwambia jambo lilelile, kwamba kikombe chako nimekifungua uzi na kimerudi kabatini pamoja na vingine, kinakungoja.

Najua utasema mzee kaongeza chumvi, kama habari ya yule nyoka. Ya nyoka, sawa, niliumwa siku tatu kitandani. Lakini haya mengine mama yako atayathibitisha, ukimuuliza baada ya kupima, na dada yako anakikumbuka kile kiwiko. Na zaidi yao yuko Eliwaza wa Kilole, aliyeitoa damu yangu na kuniona nikikaa sakafuni. Nyumba yake ina mlango wa bluu na kuku wengi. Mpe shikamoo, usijieleze sana. Sema tu, "Mimi ni mtoto wa Mzee Hasi." Atajua wewe ni yupi. Nina mtoto mmoja tu niliyempata kwa sababu nilirudi kusikiliza.